Nani Humfunza Muuguzi Utu?

Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Mei, wauguzi wa Tanzania, kama wenzao wa nchi nyingine, huadhimisha siku yao. Mishumaa huwashwa, kiapo hurudiwa kwa sauti moja, na mgeni rasmi husimama akawaasa wauguzi wawe na lugha nzuri kwa wagonjwa, watunze siri na wajiepushe na rushwa. Nasaha hizo ni za haki. Lakini zina kasoro moja ambayo watumishi wa umma na walimu, ambao nao husomewa nasaha za namna hiyo katika sikukuu zao, wangeitambua upesi. Huzungumza kana kwamba maadili ni kitu ambacho muuguzi anacho tayari, ila amekisahau, na kwamba akikumbushwa mara moja kwa mwaka atakumbuka. Ni nadra kuulizwa maadili hayo humwingia mtu kwa njia gani, na nani anayempa.

Jibu la haraka linalosikika katika vituo vya mabasi na katika vyumba vya walimu ni kwamba wauguzi wa zamani walikuwa na wito na wa siku hizi wanafuata mshahara. Neno hilo "wito" limetumika mno hata limekuwa kichaka cha kujifichia. Likichukuliwa kwa maana yake halisi, linadai kwamba mtu huzaliwa nao au hakuzaliwa nao. Kwa hiyo mwajiri hana la kufanya, chuo hakina la kufanya, na mwananchi aliyetukanwa wodini hana wa kumlaumu isipokuwa mimba iliyomzaa muuguzi yule. Hoja hiyo ni ya uvivu. Hakuna anayesema rubani aliyeangusha ndege alikosa wito; huulizwa alifundishwa wapi, na nani alimsimamia.

Inafaa kukumbuka kwamba hata kile kiapo kinachoitwa cha Florence Nightingale hakikutungwa naye. Kilitungwa mwaka 1893 huko Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter. Nightingale mwenyewe, baada ya kurudi kutoka vita vya Crimea na kuwezesha kufunguliwa kwa shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, hakutegemea viapo. Mwanafunzi katika mpango wake aliwekwa wodini chini ya macho ya muuguzi mzoefu, akaishi katika nyumba iliyosimamiwa, na mwenendo wake ukaandikwa daftarini sawa na ufundi wake. Yapo mengi katika utaratibu ule yasiyofaa kurudishwa, hasa ule utii wa kijeshi. Lakini ulijua jambo moja la msingi, kwamba tabia hufundishwa na mtu aliye karibu.

Sasa itazamwe hali ya mahali kama Rubafu. Kata hiyo ya Wilaya ya Bukoba iko ufukweni mwa Ziwa Viktoria, kaskazini mwa mji wa Bukoba. Watu wake ni wa migomba na kahawa kwa upande wa nchi kavu, na wa mitumbwi na nyavu kwa upande wa maji. Na achukuliwe, kwa mfano tu, muuguzi kijana anayetoka chuoni na kupangiwa zahanati katika mwambao wa namna hiyo. Anafika na sanduku lake, cheti chake, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na sare ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Kitu gani kimo ndani yake tayari?

Ikiwa ni mtoto wa Buhaya, yamo mengi. Amelelewa kupiga magoti anapomsalimu mkubwa, kujibu "waitu" kwa unyenyekevu, kumpokea mgeni kwa kahawa ya kutafuna kabla ya kumwuliza shida yake. Amekua akiona kijiji kikiacha kazi za shamba kwa ajili ya msiba wa jirani. Hizo ni tunu, na si ndogo. Mgonjwa aliyesalimiwa vema huanza kueleza ugonjwa wake mapema zaidi kuliko aliyekaripiwa mlangoni, na hilo lina manufaa ya kitabibu wala si ya adabu peke yake.

Lakini malezi ya nyumbani hayatoshi, na pengine hupingana na kazi yenyewe. Nyumbani mtoto hufunzwa kwamba ndugu ndiye wa kwanza. Anayempita shangazi yake na kumhudumia mtu baki ni mtovu wa adabu. Zahanatini, kumtoa shangazi kwenye foleni na kumtanguliza mbele ya mama mvuvi mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa ni dhuluma. Nyumbani mtoto hamhoji mzee wa rika la baba yake juu ya mambo ya unyumba. Zahanatini asipomhoji, ugonjwa wa zinaa utabaki bila kutibiwa na utampata mke wa mzee. Nyumbani habari ya ugonjwa wa jirani hupelekwa kwa jamaa ili watu wamfariji. Zahanatini habari hiyo hufungwa katika kabati. Muuguzi kijana anatakiwa abebe adabu ya kwao na wakati huohuo aivunje pale penye haja, tena mbele ya watu wanaomjua mama yake. Hakuna kitabu cha chuo kinachoweza kumfanyia kazi hiyo. Kitabu humwambia kwamba wagonjwa wote ni sawa. Hakimwambii atatumia maneno gani kumrudisha shangazi kwenye benchi bila kumvunjia heshima.

Maneno hayo hutoka kwa muuguzi mkubwa aliyemtangulia. Hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Katika miezi ya kwanza ya kazi muuguzi mpya hutazama kuliko anavyosoma. Humtazama mwenzake anapogongewa mlango saa nane za usiku na mume aliyemleta mkewe kwa pikipiki: je, anaamka na kuuliza uchungu umeanza lini, au anaanza kwa kugombeza kwa nini hawakuja mchana? Anapompima mama, je, huvuta pazia? Humwita kwa jina lake, au humwita "wewe mama"? Je, huandika mapigo ya moyo wa mtoto kila mara anapoyasikiliza, au huyajaza yote alfajiri kwa kubuni, ili chati ionekane nadhifu? Anapokabidhi zamu, husema kweli juu ya dawa aliyosahau kutoa, au huacha lipite? Kwa muda wa mwaka mmoja wa kutazama hivyo, yale ya chuoni yatakuwa ama yamepata mizizi, ama yamekauka. Walimu wanalijua jambo hili vizuri. Mwalimu mpya hajifunzi kuwahi darasani kutokana na waraka. Hujifunza kutokana na kumwona mwalimu mkuu amesimama karibu na mlingoti kabla ya kengele.

Tatizo ni kwamba katika zahanati nyingi za vijijini huyo wa kutazamwa hayupo. Upungufu wa watumishi wa afya nchini ni wa miaka mingi, na vituo vya pembezoni ndivyo vinavyoumia kwanza. Kijana hupelekwa mahali ambako mwenzake mmoja yuko likizo na mwingine yuko semina, naye anakuwa mkunga, mchanjaji, mtunza stoo na mwandishi wa takwimu katika siku moja. Anayefundishwa na upweke hujifunza haraka, lakini hujifunza njia za mkato.

Uhaba wa vifaa nao ni mwalimu, tena mwalimu mbaya. Kwa miaka mingi kina mama katika sehemu nyingi za nchi wamezoea kuambiwa waje kujifungua wakiwa na glavu zao, wembe wao na kitambaa chao. Muuguzi anayesema hivyo mara ya kwanza husema kwa aibu, maana stoo ni tupu. Mara ya kumi husema kwa sauti ya amri. Baadaye anakuja mama asiye na glavu bali ana shilingi elfu chache, na muuguzi anazo glavu sandukuni alizonunua mwenyewe mjini. Je, fedha hiyo ni bei ya glavu au ni rushwa? Siku hiyo pengine ni bei ya glavu. Lakini mkono umeshazoea kupokea, na siku stoo itakapojaa mkono hautaambiwa. Hapo mgeni rasmi wa tarehe 12 Mei atakemea rushwa, na atakuwa amekemea matokeo bila kugusa chanzo. Hii haimsafishi anayemnyang'anya maskini. Adhabu ipo, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza uwezo wa kumsimamisha mkosaji na kumfutia usajili. Ila adhabu humpata aliyekwisha kuharibika.

Mkoa wa Kagera una sababu zake za kulitafakari jambo hili kuliko mikoa mingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Wananchi waliuita ugonjwa ule "Juliana", kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikipitishwa mpakani na wafanyabiashara wa magendo. Utafiti uliofanywa mwaka 1987 ulikuta kwamba watu wazima 24.2 kati ya kila 100 katika mji wa Bukoba walikuwa na virusi, na katika vijiji vya Bukoba na Muleba 10 kati ya kila 100. Dawa haikuwapo. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004, yaani zaidi ya miaka ishirini baada ya wagonjwa wale wa kwanza. Katika muda wote huo, kilichokuwapo wodini kilikuwa muuguzi, maji, sabuni ikipatikana, na uamuzi wake wa kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo au kumwacha alivyo.

Wauguzi wa wakati ule hawakufundishwa chuoni namna ya kukaa na ugonjwa ambao bado haukuwa vitabuni. Walijifunza wao kwa wao. Palipokuwa na mkubwa wa wodi aliyeketi kitandani mwa mgonjwa na kumlisha, wadogo nao waliketi. Palipokuwa na mkubwa aliyesimama mlangoni na kusukuma sahani kwa mguu, wadogo nao walisimama mlangoni. Maradhi yalikuwa yaleyale, mishahara ileile, viapo vilevile.

Na siri. Katika mji mkubwa siri ya mgonjwa hulindwa na umati. Muuguzi akitoka kazini hakutani tena na aliyempima. Kijijini mambo ni kinyume. Muuguzi wa mwambao anasali na mgonjwa wake, anachota maji kisimani pamoja naye, ananunua dagaa kwake. Anajua kwamba binti anayechumbiwa na kijana wa jirani anatumia dawa, na posa inakuja Jumamosi. Sheria ya mwaka 2008 juu ya UKIMWI inamkataza kutoa habari hiyo, na inafaa imkataze, kwani siku atakapoitoa, hata kwa nia njema, nusu ya kijiji haitakanyaga tena zahanatini. Wajibu wake ni kumshauri binti mwenyewe amwambie mchumba wake, na kumsaidia namna ya kusema. Lakini kuibeba siri kama hiyo kwenye karamu, huku akitabasamu na kupokea sahani ya ndizi, ni mzigo ambao ofisi hazihesabu katika kupima kazi. Anahitaji mtu wa kumweleza, aliye ndani ya taaluma, asiye wa kijiji kile. Asipompata, atamweleza mumewe.

Halafu kuna woga. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa uliozuka katika Wilaya ya Bukoba ulikuwa wa virusi vya Marburg, ambavyo havikuwahi kuthibitishwa nchini kabla ya hapo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, katika ziwa hilihili ambalo watu wa Rubafu hulivua. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kati yao wamefariki. Mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mapema mwaka 2025 ugonjwa huohuo ulizuka Biharamulo, nako watu wote 10 waliohesabiwa kuugua walifariki. Watu wa mwambao, ambao hupokea mitumbwi kutoka visiwani kila siku, hawana sababu ya kuyaona hayo kama mambo ya mbali.

Kwa muuguzi wa zahanati maana yake ni kwamba mgonjwa mwenye homa, kutapika na kuharisha anayeletwa na mtumbwi asubuhi anaweza kuwa wa malaria, kama walivyo wengi, au anaweza kuwa kifo chake. Atamkaribia? Jirani Uganda liko jibu linalostahili kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi cha Afrika Mashariki. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, wauguzi wa Hospitali ya St Mary's Lacor walianza kufa mmoja baada ya mwingine, na wenzao wakakusanyika kutaka kuondoka. Daktari Matthew Lukwiya, aliyeisimamia hospitali hiyo, hakuwatishia kwa sheria wala hakuwahubiria. Aliwaambia kwamba anayetaka kuondoka yuko huru, yeye atabaki. Walibaki. Walikuwa wamekwisha kumwona kwa wiki nyingi akiingia mwenyewe katika wodi ya karantini, naye alifariki kwa ugonjwa uleule tarehe 5 Desemba 2000. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi kama sifa ya ushujaa, na ni ushujaa kweli. Lakini pana sehemu yake husahauliwa. Lukwiya alianza kwa kuandaa wodi, mavazi ya kinga na utaratibu wa kuvua na kuvaa, ndipo akaomba watu wa kujitolea kuingia. Anayedai moyo wa Lacor kutoka kwa muuguzi ambaye stoo yake haina gauni wala glavu anadai kitu ambacho Lukwiya mwenyewe hakukidai.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya siku za maafa, na kwamba matusi ya kila siku katika vyumba vya kujifungulia hayana tiba. Ushahidi wa humuhumu nchini unawapinga. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwauliza kina mama waliokuwa wakitoka kujifungua kama walitendewa isivyo. Asilimia 19 walisema ndiyo. Walipoulizwa tena majumbani mwao wiki kadhaa baadaye, wakiwa mbali na macho ya watumishi, asilimia ilipanda kufika 28. Jambo ambalo peke yake ni funzo kwa kila ofisa anayefanya ukaguzi kwa kuwauliza wagonjwa mbele ya muuguzi. Kisha Korogwe waliketi wananchi na watumishi pamoja, wakaandika mkataba wa haki na wajibu wa pande zote mbili, na wauguzi wenyewe wakachagua mambo ya kurekebisha katika wodi yao. Matendo mabaya yalipungua sana kuliko Muheza, ambako hilo halikufanyika. Wauguzi hawakubadilishwa kwa wengine wenye wito. Walikuwa walewale.

Kutokana na hayo, wenye dhamana katika halmashauri wana kazi ya kufanya, na si kazi ya kuandaa semina. Muuguzi mpya asipelekwe peke yake zahanati ya mwambao katika mwaka wake wa kwanza. Akae kwanza kituo cha afya au hospitali chini ya muuguzi aliyeteuliwa kwa jina, si kwa sababu ana umri mkubwa tu, bali kwa sababu wagonjwa na wenzake wanamshuhudia. Mteuliwa huyo apunguziwe zamu ili apate nafasi ya kufunza, na kazi hiyo ihesabiwe anapofikiriwa kupandishwa daraja. Kwa utaratibu uliozoeleka, anayemfunza mwenzake huongeza kazi yake na hapati chochote. Msimamizi wa wilaya anapokwenda zahanati, kwanza akae na muuguzi nusu saa akimwuliza ni jambo gani lililomlemea mwezi ule, ndipo afungue vitabu vya takwimu. Na kamati ya zahanati, ambayo aghalabu wamo walimu wa kata, ipokee malalamiko ya wananchi na kuyajibu hadharani, badala ya kuyaacha yageuke uvumi sokoni.

Pingamizi linalotegemewa ni kwamba watumishi ni wachache mno hata kumweka mmoja chini ya mwingine kwa mwaka mzima ni anasa. Hesabu hiyo husahau upande mmoja wa daftari. Zahanati yenye muuguzi ambaye kina mama wanamkwepa ni zahanati tupu, japo mshahara wake unalipwa kila mwezi. Kina mama hao hawaachi kuzaa. Huzalia nyumbani, au hupandishwa pikipiki au mtumbwi kwenda Bukoba mjini wakati uchungu umekwisha kukaza, na ziwa la Bugabo alfajiri si mahali pa kuzalia.